Bosi wa Dirishani

Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake, kinyozi alimpandisha bintiye darasa la tano. Alimpandisha mgongoni. Kiti cha magurudumu kilibaki chini ya ngazi, karibu na ndoo za kudekia. Binti alimkumbatia baba shingoni, mkoba wa madaftari ukining'inia kifuani mwa baba kama kengele ya ng'ombe. Ngazi za shule ile zilikuwa nyembamba na zilikata kona katikati. Penye kona kinyozi alisimama, akaegemea ukuta, akajifanya anasoma tangazo. Lilikuwa tangazo la mashindano ya kuruka kamba yaliyokwisha zamani, na kinyozi alikuwa amelisoma mpaka angeweza kulisimamia mwenyewe shindano hilo.

Binti alimwambia amechoka. Kinyozi alisema hajachoka, anasoma.

Wateja wa kibandani walimwita binti huyo Bosi, kwa sababu tangu mdogo alikuwa akikalia kiti cha wateja na hashuki mpaka aonyeshwe kisogo chake kwenye kioo cha mkono. Jina likamfuata shuleni. Baba yake peke yake hakulitumia. Yeye alimwita "mama", kwani mtoto alipewa jina la mama mzaa baba, na mtu hawezi kumwita mama yake Bosi. Mama mtoto alifanya kazi mji mwingine, akirudi mwisho wa kila mwezi akiwa na sabuni na maswali.

Asubuhi Bosi hakuwa akinywa maji. Choo kilikuwa chini, baba alikuwa kibandani, na yeye alikuwa juu mpaka saa ya kutoka. Mpango huo aliupanga mwenyewe alipoingia darasa la nne, maana darasa la kwanza mpaka la tatu yalikuwa chini na mengine yote ghorofani. Hakumlalamikia mtu. Alizoea, kama watu wanavyozoea viatu vinavyobana.

Getini palikuwa na ubao wa rangi ya samawati ulioandikwa: SHULE JUMUISHI, KILA MTOTO NI WETU. Uliwekwa baada ya Mwalimu Mkuu kurudi kutoka semina. Tangu hapo kila mtoto alipatiwa nafasi yake. Asiyesikia vizuri aliketishwa nyuma kabisa, kwa kuwa kelele za huko zisingemsumbua. Na yule wa darasa la tano ambaye herufi zilimchezea shere kila akifungua kitabu alipewa heshima ya kufuta ubao wakati wenzake wakisoma. Aliufuta kwa bidii mpaka wenzake wakamwita Dasta, na ubao wenyewe ukang'aa hata chaki ikawa inateleza.

Mgongo wa kinyozi ulimsaliti siku aliyokuwa amemnyoa muuza mkaa nusu ya kichwa. Aliinama kuokota kitana, akabaki huko huko. Muuza mkaa alikuwa mstaarabu. Naye aliinama, kinyozi akamalizia nusu ya pili akiwa amejikunja, na yule bwana alitembea mwezi mzima upande mmoja wa kichwa ukiwa juu kuliko mwingine. Daktari wa zahanati alimkataza kinyozi kubeba kitu chochote kizito kuliko birika la chai.

Basi kinyozi akaenda kwa Mwalimu Mkuu, amejishika kiuno. Mwalimu Mkuu alimpokea vizuri. Alikuwa mtu wa maneno laini, na maishani mwake hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote. Alimkubalia tu jambo jingine. Kinyozi aliomba darasa la tano lihamie chini, hata kwa mwaka huu mmoja. Mwalimu Mkuu alisikitika naye sana. Chini kulikuwa na watoto wadogo, na wadogo wakipanda ngazi wanaanguka. Kulikuwa na stoo ya madawati mabovu, na madawati mabovu hayapandishwi ghorofani, nani atakubali? Kulikuwa pia na ofisi yake mwenyewe, ambayo ilibidi iwe chini ili wageni wazee wasihangaike na ngazi. Kwa hiyo alimkubalia kinyozi kwamba Bosi arudi darasa la tatu. Kwa muda.

"Muda gani, mwalimu?" kinyozi aliuliza.

"Wa kutosha," alisema Mwalimu Mkuu, akamsindikiza mpaka mlangoni akiwa amemshika bega.

Bosi akarudi darasa la tatu. Alikaa katikati ya vitoto vilivyong'oka meno ya mbele, magoti yake hayaingii chini ya meza, akaimba nao jedwali la mara mbili. Siku ya kwanza alimsahihisha mwalimu hesabu ya kugawanya. Siku iliyofuata mwalimu alimwachia chaki, akaenda kunywa chai. Vitoto vilimpenda, vikamletea mikia ya penseli avichongee. Jioni alirudi nyumbani amenuna.

"Baba, mimi nilifaulu," alisema.

Hakusema zaidi ya hayo. Kinyozi aliona uchungu hata chai ikamshinda, akaenda kusimama uani akiangalia kamba ya kuanikia nguo, ambayo haikuwa na nguo.

Wakati huo huo kiti cha magurudumu nacho kikachakaa. Kitambaa cha kukalia kilikuwa kimeshonwa juu ya kushonwa mpaka hakukubaki kitambaa, ni nyuzi tupu. Kibandani kulikuwa na viti viwili vya kunyolea, na kile cha zamani, chenye ngozi nyekundu iliyopasuka, wateja hawakukitaka. Kinyozi alikifungua, akakifunga juu ya magurudumu pamoja na nguzo yake ya chuma na pedali yake. Alifurahia pedali hasa. Ukiikanyaga, kiti kinapanda. Ukiikandamiza chini bila kuachia, kinashuka. Alifikiri itamsaidia Bosi kwenye meza fupi na ndefu.

Jumatatu waliwahi. Kengele ya darasa la tatu ilikuwa haijalia, lakini juu darasa la tano lilikuwa limeshaanza hesabu, maana mwalimu wa hesabu hakuamini kengele. Sauti yake ilikuwa ikitokea dirishani. Bosi alimwomba baba amsimamishe pale chini ya dirisha.

"Niinue kidogo, baba, nimsikie."

Kinyozi akakanyaga pedali. Kiti kikapanda. Bosi akasema kidogo tena, baba akakanyaga tena. Kilipofika mwisho wa nguzo hakikusimama. Kiliachana nayo, kikaendelea kupanda taratibu kando ya ukuta, Bosi akiwa ameshika mkoba wake mapajani, na kinyozi akaendelea kukanyaga kwa sababu hakuambiwa aache. Kilipita bomba la maji ya mvua. Kilipita sehemu ambayo rangi ya ukuta iliishia siku rangi ilipopungua. Kilipofika usawa wa dirisha la darasa la tano, Bosi alisema, "Hapo hapo," na kinyozi akaondoa mguu.

Mwalimu wa hesabu aligeuka kutoka ubaoni, akamwona nje ya nondo za dirisha, akatazama saa yake.

"Umechelewa," alimwambia. "Toa daftari."

Chini, kinyozi alizunguka mara moja kuangalia kama kuna kilicholegea. Magurudumu yalikuwepo, nguzo ilikuwepo, pedali ilikuwepo. Aliweka jiwe nyuma ya gurudumu ili lisiteleze, akiona ni vyema kiti kikirudi kikute pa kukaa, kisha akaenda kufungua kibanda. Wakati wa mapumziko alirudi, akaikandamiza pedali, kiti kikashuka na kukaa juu ya nguzo yake. Bosi aliomba maji. Alikunywa kikombe kizima, akaongeza kingine, akaenda chooni na wasichana wenzake, akachelewa kurudi kwa sababu ya umbea. Hilo lilikuwa jambo jipya kwake kuliko kupaa.

Shule ilimpokea kwa utulivu. Mwanzoni vitoto vya darasa la tatu vilisikitika kupoteza mwalimu, kisha vikazoea kumpungia mkono vikiwa uwanjani. Mwalimu wa jiografia aliuliza tu kama kutoka pale anaona mto, na Bosi aliposema anauona, mwalimu akamwomba auchore. Malalamiko yalitoka ofisini. Kivuli cha kiti kilikuwa kikianguka juu ya meza ya Mwalimu Mkuu kati ya saa tatu na saa nne, na yeye saa hizo ndipo alipokuwa akisoma gazeti.

Alimwita kinyozi, akamkaribisha kiti.

"Baba Bosi, hatuna kanuni inayokataza kupaa," alisema. "Nimetafuta. Tunayo inayokataza kukaa nje wakati wa masomo."

Kinyozi alisema hata yeye hataki mtoto akae nje. Ndiyo maana alikuwa na ombi dogo. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa mteja wake wa siku nyingi, na yuko tayari kuja kukata nondo za dirisha moja tu, kazi ya mchana mmoja, bila malipo. Kiti kingeingia ndani, Bosi angekaa darasani kama wenzake, na kivuli nacho kingekwisha.

Mwalimu Mkuu alisikitika sana. Nondo zile ziliwekwa kwa ajili ya wezi.

"Ghorofani, mwalimu? Mwizi gani anayepaa?"

"Binti yako anapaa."

"Yeye si mwizi."

"Sijasema ni mwizi, mzee wangu. Nasema njia ipo."

Badala ya hilo alimkubalia kinyozi kwamba Bosi aendelee kusoma kutoka nje, kwa kibali maalumu. Masharti yalikuwa mepesi. Soli za viatu zisuguliwe, kwa kuwa sasa zinaonekana. Asipae juu ya kichwa cha mwalimu yeyote, kwa heshima. Mvua ikinyesha, mzazi ajue la kufanya. Na dirisha la ofisi likawekewa pazia.

Mzazi alijua la kufanya. Mvua zilipoanza alimfunga Bosi shuka la kunyolea, lile la nailoni linalofungwa shingoni, likamfunika mpaka miguuni, akamfungia na mwavuli kwenye mkono wa kiti. Wakati wa insha maji yalichuruzika pembeni na daftari likabaki kavu. Upepo ndio uliokuwa kazi. Viti vya vinyozi vimeumbwa kuzunguka, na siku za upepo kile kilimgeuza Bosi taratibu mpaka akaupa ukuta kisogo. Nusu ya somo la historia aliisikiliza akitazama sokoni, na alipoulizwa swali ilibidi asubiri upepo umrudishe ndipo ajibu, maana si adabu kumjibu mwalimu umempa mgongo.

Aliyetatua jambo hilo ni Dasta. Alihama dawati lake bila kumwomba mtu ruhusa, akakaa dirishani, akapitisha mkono kati ya nondo, akaushika mkono wa kiti. Akawa anaushika siku nzima. Bosi naye, kwa kulipa fadhila, alimsomea vitabu kwa sauti ya chini, sentensi moja mara kadhaa, akimwekea kidole chini ya neno mpaka neno litulie. Hakuwa na haraka. Darasa la tatu lilikuwa limemfundisha kutokuwa na haraka. Baada ya muda Dasta akaanza kusoma, polepole, kwa mkono mmoja. Mwalimu wa lugha alilalamika kwamba siku hizi ubao haufutwi vizuri.

Jioni moja, wakirudi nyumbani, kinyozi alimwuliza Bosi kama kule juu anasoma vizuri. Bosi alisema anasoma vizuri. Anaona ubao? Anauona. Mwalimu anamjali? Anamjali kama wengine, jana alimfinya sikio kupitia nondo. Sasa mbona uso umekunjamana?

"Wakicheka ndani, mimi nasikia mwisho tu," alisema Bosi. "Nikiuliza walikuwa wanacheka nini, wanasema haichekeshi tena."

Kinyozi alisukuma kiti. Alitaka mtoto wake awe ndani ya chumba. Hilo tu, hakutaka kingine duniani. Alijiapia kwamba atalisema mbele ya mkubwa yeyote atakayejitokeza.

Mkubwa alijitokeza. Habari za shule zilikuwa zimefika wilayani, na afisa elimu alikuja na mpiga picha siku ya mkutano wa wazazi. Mkutano ulihusu elimu jumuishi na ulifanyika ghorofani. Bibi mmoja mwenye fimbo, ambaye mjukuu wake ndiye yule asiyesikia vizuri, alibaki chini kwenye ngazi akaomba asimuliwe baadaye. Kinyozi alipanda hatua kwa hatua, akapumzika penye tangazo la kuruka kamba, akafika jasho likimtoka.

Bosi alikuwa dirishani, amevaa sare iliyopigwa pasi. Alitakiwa kukariri shairi la kumkaribisha mgeni, akalikariri kupitia nondo, upepo ukamgeuza kwenye ubeti wa mwisho na Dasta akamrudisha. Watu walipiga makofi. Mpiga picha alimpiga picha kutoka ndani, lakini afisa alitazama akasema nondo zinaharibu, zinaleta picha ya jela. Alimtuma ashuke chini apige kwa kutokea uwanjani, ili zionekane soli. Soli zilikuwa safi kabisa.

Mwalimu Mkuu alihutubia. Alisema shule nyingine zinakaa kulilia vifaa, lakini wao walimwamini mtoto. Alisema walipomwangalia mtoto huyu hawakuona kiti, waliona uwezo. Akasema mengine ya aina hiyo, akafuta macho kwa leso, na wazazi kadhaa nao wakafuta yao. Kisha afisa akawakabidhi ngao ya mbao yenye maandishi ya dhahabu: shule bora ya elimu jumuishi.

Kinyozi akanyoosha mkono. Mwalimu Mkuu hakumwona. Akanyoosha na wa pili, mgongo ukalia kama mlango, afisa akasikia.

"Mheshimiwa, mimi ndiye baba yake," alisema kinyozi. "Nawashukuru kwa ngao. Naomba nondo za dirisha moja zikatwe, mwanangu aingie ndani na wenzake. Fundi yuko tayari hata leo."

Afisa hakukasirika. Alimtazama kinyozi kwa upendo, kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeomba chumvi.

"Mzee wangu," alisema, "ukimwingiza ndani atakuwa mwanafunzi kama wengine. Sasa wageni tutawaonyesha nini?"

Watu walicheka, maana afisa alikuwa ameisema vizuri. Bosi dirishani alikuwa amegeuzwa na upepo tena, Dasta akiwa amesimama kupiga makofi kama alivyoamriwa, kwa hiyo binti alisikia mwisho tu wa kicheko.

Hapo ndipo afisa alipokumbuka jambo. Alisema katika mipango ya wilaya shule hii ilikuwa itengenezewe njia ya mteremko, ya kupandisha viti vya magurudumu mpaka ghorofani. Saruji ilikuwa imeshaletwa, iko stoo chini ya madawati mabovu. Aliwapongeza walimu na wazazi kwamba haihitajiki tena. Mwalimu Mkuu alipendekeza saruji isipotee, wajenge jukwaa la kuwekea ngao hapo mlangoni. Wakakubaliana wote. Jukwaa lilijengwa wiki ile ile, refu, lenye ngazi tatu mbele, ili mtu apande aisome ngao kwa karibu.

Siku ile ya mkutano kinyozi alishuka ghorofani kwa hasira kali, hata mgongo ukasahau kumwuma. Alikandamiza pedali, akamshusha mwanawe, akamfungua shuka la shingoni ingawa hakukuwa na mvua, akalikung'uta kwa muda mrefu. Bosi alimwambia basi, baba, limeshakuwa safi. Kesho yake saa moja na nusu walikuwa tena chini ya dirisha, kwa sababu kulikuwa na mtihani wa sayansi.

Picha ilitoka gazetini. Watu wakaanza kuja kuiona shule, wengine kwa basi la kukodi. Walimtazama Bosi kutoka uwanjani wakiwa wamekinga macho na jua, wakasema hakuna lisilowezekana, wakaondoka. Bosi alipata alama za juu katika mtihani wa sayansi. Dasta alifaulu kuusoma mwenyewe, akapata nusu ya alama.

Mwisho wa muhula, adhuhuri moja ya joto, mama mmoja aliingia kibandani akisukuma kiti cha magurudumu alichokalia mtoto wa kiume mwenye macho makubwa. Walikuwa wametoka shuleni. Mama alikuwa na furaha, akijipepea kwa gazeti lenye ile picha. Alisema ametembea shule nyingi na huyu mtoto, na kote walimfungia mlango. Lakini hapa! Mwalimu Mkuu amewapokea kwa mikono miwili, amewapa soda, ameliandika jina la mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Hata nafasi ameshaonyeshwa, dirisha la pili kutoka kwa Bosi, linatazama bustani.

"Wameniuliza kitu kimoja tu," alisema. "Kama anapaa. Nikawaambia ukweli, bado. Wakasema wala nisijali, nimlete akishaanza."

Kinyozi alikuwa ameshamfunga mtoto kitambaa shingoni. Mikono yake ilisimama. Mtoto alikuwa akimtazama kwenye kioo, anasubiri kunyolewa.

"Samahani, kaka, nikuulize wewe mzazi mwenzangu," mama alisema, akashusha sauti kidogo. "Wa kwako alianza akiwa na miaka mingapi?"

Kinyozi alifungua mdomo kueleza habari ya ngazi, na mgongo, na nondo, na saruji. Lakini mama alikuwa akimtazama kwa matumaini mengi mno, na swali lenyewe lilikuwa na jibu.

"Kumi na mmoja," alisema.

Mama akamgeukia mwanawe, akahesabu kimoyomoyo, kisha akashusha pumzi ndefu na kukaa vizuri kwenye benchi.

"Huyu ana minane," alisema. "Kumbe hajachelewa. Na mimi nimekuwa nikimgombeza."